Maji ya Edinah, Meno ya Joan

Edinah, mjane wa Mukhisa, hakuwa na subira na wajinga, na kwa hesabu yake Kabuchai nzima ilikuwa na watu wanne tu wasio wajinga, mmoja wao akiwa marehemu mume wake. Waliobaki aliwavumilia. Aliwavumilia kanisani, aliwavumilia kwenye mizani ya miwa, na kila asubuhi aliwavumilia uani kwake walipokuja na madumu yao kuchota maji ya kisima chake.

Kisima hicho ndicho kitu alichojivunia maishani, na alijivunia bila haya. Mume alipofariki mwaka wa 1983 akamwachia watoto wanne na shamba, mashemeji walimshauri aezeke nyumba mabati kwanza ili naye aonekane mtu. Yeye akaita wachimbaji wawili kutoka Bumula. Wakachimba wiki tatu, wakakuta mwamba, wakaanza kukusanya majembe yao. Edinah akajifunga kamba kiunoni, akashuka mwenyewe kuutazama huo mwamba uliowashinda wanaume, na kwa aibu wanaume wakarudi kazini. Maji yalipotoka yalikuwa baridi, hayana harufu wala ladha. Watoto wake wote walikua nayo na meno yao yakawa meupe, ingawa nyumba iliendelea kuvuja miaka sita zaidi.

Kwa hiyo aliyeyatukana maji hayo alikuwa amemtukana Edinah mwenyewe. Na aliyeyatukana alikuwa mke wa mwanawe.

Dinah, mke wa Wangila, alijiita mtu wa Kitale. Hakuzaliwa huko, alizaliwa Bumula kwenye vumbi kama wenzake, lakini mumewe alipopata ukarani katika ofisi ya serikali, Dinah alihamia Kitale mwili na roho. Akija Kabuchai alikuja na kikombe chake, taulo lake, na kitambaa cha kufutia kiti cha mama mkwe kabla ya kukikalia. Edinah alikuwa akimtazama anavyofuta, miguu ya kiti na yote. Walikuwa wamefika mahali ambapo wanawake hao wawili walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, basi.

Jambo moja tu la maana ambalo Dinah alilifanya, kwa maoni ya Edinah, lilikuwa kumzaa Joan. Msichana huyo aliletwa Kabuchai kila likizo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alimfuata bibi yake shambani, akauliza maswali yasiyokwisha, akacheka kwa mdomo wote. Edinah, ambaye hakupenda watu wengi, alimpenda mtoto huyo waziwazi na hakujali nani anaona.

Kisha mwaka wa 2005 Joan akaota meno ya mbele ya ukubwani, na meno hayo yakaja na madoa meupe, meupe kuliko jino lenyewe, mfano wa chaki iliyopakwa vibaya. Hayakuuma. Hayakuwa na tundu. Lakini watoto wa shule aliyosoma, shule ya ada na soksi ndefu, wakamwita Chaki, na Joan akajifunza kucheka kwa kuziba mdomo na kiganja.

Dinah aliingiwa na wazimu. Akamsugua mtoto kwa majivu. Akamsugua kwa limau na chumvi. Akamsugua kwa makaa ya kusaga mpaka beseni likawa jeusi. Hospitali hakwenda, eti madaktari wa meno kazi yao ni kung'oa tu. Badala yake alinunua unga kwa mwanamume mmoja mwenye kipaza sauti sokoni Kitale, ambaye alitibu meno, mgongo, na ndoa zilizopoa, yote kwa unga uleule. Ufizi wa mtoto ulivuja damu siku tatu. Madoa hayakusogea hata kidogo.

Tiba iliposhindikana, akatafuta wa kulaumiwa. Mwenye duka la jirani yao, Mathenge, alikuwa na meno ya kahawia, na alipoulizwa akasema yaliharibiwa na maji ya kisima upande wa Nakuru alikokulia. Hilo likamtosha Dinah. Pasaka ya mwaka wa 2006, kwenye matanga ya binamu wa Wangila, sahani ya ugali magotini na ukoo mzima umekaa, alitangaza kwamba meno ya Joan yaliharibiwa na maji ya Kabuchai, na kwamba mtoto hatakanyaga tena hapo hadi kisima kifukiwe. Wangila, aliyekunywa maji hayo tangu utotoni na mwenye meno ya kutangazia sabuni, alitazama sahani yake.

Na Kabuchai ikaamini. Walioamini kwa haraka zaidi ni wale waliochota bure kwa miaka ishirini. Mzee Jotham, aliyebakiwa na meno manne kwa jumla, alionekana akivuka barabara na dumu lake kwenda mtoni, kuyalinda. Edinah aliwatazama wakipita. Uani kukawa kimya, na likizo ya Aprili ikaisha bila Joan. Hilo la uani angeweza kuishi nalo. La Joan lilimnyima usingizi na chakula, akakonda.

Mwezi wa Mei akajaza maji kwenye dumu la lita tatu, akalifunga kwa kitenge, akaenda Kitale. Alifika kwa mwanawe asubuhi, akakataa chai.

"Twende kwa dakitali wa meno," akamwambia Dinah. "Kama ni maji yangu, nitaita watu wafukie kisima wiki hii. Kama si maji yangu, mtoto anakuja kwangu."

Wangila akakumbuka kwamba ana kazi ofisini. Wakaenda watatu.

Mtabibu wa meno katika zahanati ya karibu aliitwa Kibiwott, kijana mtaratibu mwenye miwani. Edinah aliweka dumu juu ya meza yake, katikati ya karatasi.

"Hii maji ni yangu. Pima."

"Mama, mimi napima meno. Maji sipimi."

"Basi pima hii." Akavuta mdomo wake juu kwa vidole viwili. Kibiwott akainama, akatazama, akasema ni meno mazuri sana kwa umri wake.

"Na watoto wangu wanne ni hivyo hivyo, wamekunywa tangu wakiwa wadogo. Huyu wa kwake anakunywa likizo tu, ati ndio anaharibika?"

Kibiwott akamlaza Joan kitini, akayapuliza meno yakauka, akayatazama kwa kioo kidogo. Akasema madoa meupe yana sababu nyingi. Mtoto akipata homa kali au utapiamlo jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, hutoka na doa. Jino linaloanza kuoza nalo huanza na weupe, hasa karibu na ufizi. Tena kuna madini ya floridi, ambayo yakizidi mwilini utotoni huacha madoa, na ni kweli maji ya sehemu nyingine yanayo kwa wingi.

"Lakini maji yangeharibu wote waliokulia hapo," akasema. "Haya ya Joan yamelingana kulia na kushoto. Ni kitu alikuwa anapata kila siku akiwa mdogo. Anapiga mswaki na nini?"

Hapo Dinah akapata uhai. "Dawa ya meno, daktari. Tangu akiwa na mwaka mmoja. Mara tatu kwa siku. Sisi si watu wa vijiti."

Kibiwott akampa Joan mswaki na tyubu. "Hebu nionyeshe vile unafanyanga."

Joan akaminya dawa kutoka mwanzo wa mswaki hadi mwisho, akarudia juu yake. Akasugua vizuri, juu na chini. Alipomaliza akameza, akajipangusa midomo.

"Mbona hujatema?"

Joan akamwangalia mama yake. "Mama alisema dawa haitemwi. Dawa inamezwa ndio ifanye kazi."

Sisi tumezoea kuita kila kitu dawa. Kuna dawa ya kupe, dawa ya mende, dawa ya mahindi ya ghalani, na hakuna aliyewahi kuzinywa. Dinah, mwenye cheti cha uhazili na kitambaa cha kufutia viti, alikuwa amelimeza neno zima bila kulitafuna, na kumlisha mtoto kijiko baada ya kijiko.

Kibiwott hakucheka. Akaeleza kwamba dawa hiyo huimarisha jino kwa nje, lakini mtoto akiimeza kila siku, rangi ya meno yanayoumbwa huharibika. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha, kisha ateme. Meno ya Joan ni imara. Majivu na unga wa sokoni viachwe, ndivyo vinavyomkwaruza. Akikua, madoa yakimsumbua, tabaka jembamba la juu linaweza kung'arishwa, au yafunikwe kwa kitu cha rangi ya jino.

"Shida ni hakuna mtu alimwona mapema," akaongeza. "Angeambiwa akiwa miaka mitatu, pengine hata doa moja halingekuwepo."

Edinah alikuwa na maneno aliyoyanoa tangu Pasaka. Yalikuwa mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Akajiweka sawa kwenye kiti, akafungua mdomo.

"Lakini kukhu aliniona," Joan akasema, akimwelekezea bibi yake mswaki. "Nikiwa mdogo, pale kisimani. Nilikuwa nalamba tyubu. Alicheka sana."

Edinah akafunga mdomo. Alikuwa amemwona, kweli, si mara moja. Alimwona akimeza povu, akaona ni kichekesho cha aina yake, akawaita wanawake waliokuja kuchota waje waone watoto wa Kitale wanavyokula sabuni. Walicheka msimu mzima. Dinah alikuwa ndani ya nyumba, hatua kumi na tano kutoka pale. Angemwita tu. Lakini aliona hakuna haja ya kumwambia kitu mwanamke anayefuta kiti chako kabla ya kukikalia.

Dinah aligeuka, akamtazama mama mkwe wake. Macho yalikuwa yamelowa, lakini hayakuyumba.

"Agosti nitamleta, mama," akasema. "Na mimi nitakaa na yeye. Likizo yote. Safari hii ukiona kitu, uniite."

Edinah, ambaye hakuwahi kulala nyumba moja na mwanamke huyo zaidi ya siku mbili, akalivuta dumu lake kutoka mezani, akalipakata.

"Karibu," akasema.