Tabitha Muhonja wa Kaloleni, Aliyefungiwa Meza ya Bwana

Tabitha Muhonja aliingia duniani mwaka 1949, mahindi yakipaliliwa mara ya pili, katika boma la mfinyanzi karibu na Chavakali, magharibi mwa Kenya. Mamake alifinyanga vyungu. Babake alipiga kengele ya kanisa. Aliokoka akiwa na miaka kumi na saba, katika mkutano wa uamsho uliofanyika kwenye uwanja wa shule. Wanaoikumbuka siku hiyo husema kwamba hakulia wala kuanguka chini kama wenzake. Alisimama, akataja jina lake, akasema, "Kuanzia leo mimi ni wa Yesu," akaketi. Mwaka 1971 aliolewa na Laban Kweyu, fundi wa reli, akamfuata Nairobi, wakapata chumba katika mtaa wa Kaloleni. Yeye mwenyewe aliajiriwa kushona pindo katika kiwanda cha blanketi ng'ambo ya reli. Mimba tatu zilimtoka. Ya nne ikakaa, na mwaka 1974 akajifungua binti, Vivian, ambaye hakupata ndugu. Tangu hapo watu waliacha kumwita Tabitha, wakamwita Mama Vivian.

Kanisa lao lilikuwa la mabati, na lilikuwa na desturi moja iliyopendwa kuliko zote. Kila Jumapili kabla ya mahubiri, waliookoka walisimama kwa zamu, benchi baada ya benchi, kila mmoja akashuhudia jambo alilotendewa na Bwana wiki hiyo, na wengine wakaitikia "Amina." Aliyenyamaza alitazamwa kama mtu aliyerudi nyuma. Kidogo kidogo watu wakazoea kushukuru hata kabla jambo lenyewe halijatokea, na kufanya hivyo kuliitwa imani kubwa. Kiongozi wa wazee wa kanisa alikuwa Phares Wesonga, seremala, mtu asiyekunywa wala kusengenya, ambaye aliamini kwa moyo wote kila neno lililotoka kinywani mwake. Ni vizuri msomaji alijue hilo mapema, asije akamchukia.

Mwezi wa Agosti 1992 Vivian alipatikana na kifua kikuu. Zahanati ilimwanzishia sindano na vidonge, ikasisitiza kwamba dawa ni za mwaka mzima. Kufikia Krismasi kikohozi kilikuwa kimekwisha na sketi zilizokuwa zikimpwaya zilianza kumbana. Mzee Phares alifika nyumbani, akamtazama msichana, akafurahi kama aliyefufuliwa mtoto wake mwenyewe.

"Mama Vivian, Bwana ametenda. Jumapili msimame mshukuru."

"Lakini mzee, daktari anasema bado miezi minane."

"Utasimama useme amepona, halafu urudi nyumbani umpe dawa ya ugonjwa gani? Si utakuwa umemfanya Mungu mwongo?"

Muhonja alilitafakari neno hilo siku kadhaa akiwa kwenye cherehani yake. Jumapili ya pili ya Januari 1993 alisimama na binti yake mbele ya kanisa, akasema kwamba Vivian amepona. Mabati yalitetemeka kwa vigelegele. Alasiri hiyo alikwenda kwenye choo cha mtaa akavimwaga vidonge vyote kwa mkono wake. Vivian alimcheka: "Afadhali, Mama. Vilikuwa vinanichefua hata kabla sijafungua kifuniko."

Kikohozi kilirudi mwezi wa Aprili. Wakakificha. Walikuwa wameshuhudia, nao waliona haya kurudi kwa watu na kusema kinyume. Vivian akajifunza kukohoa ndani ya mto. Walipompeleka zahanati mwezi wa Juni alikuwa amebebwa mgongoni, na tarehe tisa Julai alikata roho, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Alizikwa kijijini kwa babake. Matanga yalipokwisha, Laban hakurudi Nairobi. "Wewe na Mungu wako mmebaki wawili," alimwambia mkewe akiwa amesimama mlangoni. "Mimi nimetoka."

Muhonja alirudi peke yake, akaendelea na pindo zake. Alikuwa hawezi kuomba. Alipiga magoti kila alfajiri kama alivyozoea, lakini ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Unasikia mlio wa vidole vyako tu. Hali hiyo haikumtoka hata alipokufa, na waandishi wa maisha ya watu wa Mungu hawana ruhusa ya kuificha. Jumapili zamu ya ushuhuda ilipomfikia, alisimama akasema, "Mimi sina. Nimekuja tu." Alisema hivyo mwaka mzima, na mwaka uliofuata. Wengine walimhurumia. Wengine walinong'onezana kwamba amemkasirikia Mungu.

Jaribu kubwa lilikuja Mei 1995. Kulikuwa na msichana mwingine kanisani, Adongo, msusi wa nywele, aliyekuwa na ugonjwa uleule na ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepata nafuu. Mzee Phares alimwita mbele ashuhudie kwamba amepona. Adongo alikuwa ameshafumbua mdomo Muhonja aliposimama, na zamu haikuwa yake.

"Adongo, rudi uketi. Kunywa dawa mpaka ziishe. Mimi nilishuhudia hapo uliposimama, na mtoto wangu yuko kaburini."

Mzee Phares akauliza polepole, "Mama Vivian, unataka kusema maombi ya kanisa yalimwua Vivian?"

"Hapana, mzee. Dawa niliimwaga mimi."

Wiki hiyo wazee walikaa, wakamfungia Meza ya Bwana: asile mkate wala asinywe kikombe, na aketi benchi la mwisho karibu na mlango, mpaka siku atakaposimama na kukiri kwamba Vivian alikufa kwa upungufu wa imani wala si kwa kuachishwa dawa. Muhonja alisikiliza hukumu yake akiwa ameinamisha kichwa. Alipenda ile Meza kuliko kitu chochote alichobakiwa nacho. Aliwaambia wazee, "Siwezi kusema hivyo. Ni uongo, na nimeshamsemea Mungu uongo mara moja."

Kaka yake Adongo alimfukuza dada yake nyumbani kwa kuogopa ugonjwa, na Muhonja akampokea. Kila siku kabla ya zamu ya kiwanda alimsindikiza zahanati, kwa miguu, mpaka sindano sitini za mwanzo zikaisha. Adongo alikuwa na mdomo, na alimwita "Mathe," yaani mama.

"Mathe, leo siendi. Makalio yangu yamekuwa kama chujio la chai."

"Vaa viatu."

"Wewe hujui uchungu wa ile sindano."

"Sijui. Vaa viatu, Adongo."

Muhonja hakumhubiria. Njiani walizungumzia bei ya sukuma wiki na vioja vya wateja wa Adongo. Baada ya Adongo alikuja Wayua, mpika pombe ambaye wanawake wa kanisa walimkwepa barabarani, kisha Yonis, kijana wa mtaa wa Majengo, aliyeletwa na shangazi yake Shamis, muuza sambusa, kisha wengine. Muhonja aliwapitia mmoja mmoja milangoni mwao, akingoja nje mpaka watoke. Jumapili aliketi benchi la mwisho. Mkate ulipopitishwa, ulirudishwa mbele kabla haujamfikia, naye alifumba macho ili anayeubeba asione aibu.

Shamis, ambaye si Mkristo, alimuuliza siku moja walipokuwa wakimngoja Yonis zahanati.

"Dada Muhonja, wewe ukiswali huko unajibiwa?"

"Sijajibiwa. Sijui hata kama kuna anayenisikia."

"Na hao watu wako wanakuweka mlangoni kama ndara. Sasa unaenda kufanya nini?"

Muhonja akamjibu, "Nisipokwenda nitakuwa nimemwacha. Yeye sijui kama ameniacha. Sitaki kuwa wa kwanza."

Mwaka 1997 muuguzi wa zahanati, mwanamke mwenye maneno machache, alifungua daftari lake akamwonyesha kwamba watu kumi na mmoja aliowaleta wamemaliza dawa zao, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Alisema hajaona jambo kama hilo tangu aanze kazi. Watu wa Majengo na Kaloleni huutaja huo kuwa muujiza wake. Yeye alipoambiwa, alijibu, "Mmoja alikufa, sista," akaondoka kwenda kazini.

Ugonjwa aliokuwa akiwasindikiza wenzake kuutibu ulimshika naye mwaka 1998. Alikunywa kila kidonge, Adongo akimpeleka, lakini mwili ulikuwa umechoka na dawa hazikupata pa kushika. Mwanzoni mwa Machi 1999, akijua kwamba hatainuka, alimtuma Adongo kwa Mzee Phares kumwombea mkate na kikombe. Adongo alimkuta mzee akipiga randa mlango.

"Atasema?" mzee akauliza.

"Anasema hawezi kusema. Anaomba tu."

Mzee aliweka randa chini. Adongo husema kwamba machozi yalimtoka mzee, naye Adongo akapata tumaini. "Basi na mimi siwezi," akasema mwishowe. "Nikimpa, nitakuwa nimekubali kwamba mimi ndiye niliyemwua yule mtoto."

Adongo alilirudisha jibu hilo jinsi lilivyokuwa. Muhonja alisema, "Mwambie simlaumu. Nilikuwa naitaka tu." Akageukia ukuta. Alifariki Jumapili tarehe kumi na nne Machi, asubuhi ya Meza ya Bwana, nyimbo za kanisa zikisikika chumbani. Shamis alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Hakusema neno lingine, wala uso wake haukung'aa. Wanaodai kwamba uling'aa hawakuwapo.

Aliyefungiwa Meza hakuzikwa na kanisa. Ukoo wake ulikuwa mbali, na Laban hakuitikia habari alizopelekewa. Kwa hiyo alizikwa Lang'ata, kwenye makaburi ya umma ya Nairobi, jambo ambalo kwa watu wa kwao ni msiba wa pili. Wayua na Yonis walishika jembe. Hakukuwa na mchungaji, Adongo akaomba, kwa maneno ya mtaani, na aliposhindwa kuendelea wote walisimama hivyo hivyo mpaka mvua ikawatawanya.

Katika daftari la waumini jina lake bado limeandikwa "Amefungiwa, 1995." Ombi la kulifuta limepelekwa mara tatu, nalo limejibiwa kwamba maiti hawezi kutubu. Mzee Phares hajawahi kulizungumzia. Lakini tangu mwaka ule, mtu akisimama kushuhudia kwamba amepona, mzee humkatiza na kumuuliza kama amemaliza dawa, na kama hajamaliza humrudisha kitini. Wapo vijana wanaofikiri huo ni utaratibu wa kale wa kanisa.

Tunaomwandika Tabitha Muhonja hatuwezi kumwahidi msomaji kwamba alifarijiwa. Hatujui. Tunachojua ni kwamba alidai njia yake ya kwenda kwa Mungu ipite kwenye ukweli, hata ilipoishia mlangoni. Basi mwenye kuomba na asisikie kitu, naye aende hivyo hivyo. Asitamke kwa ajili ya Mungu neno ambalo Mungu hakulitenda. Na kesho asubuhi, kama jirani yake ni mgonjwa na njia ni ndefu, aanze kwa kumpitia yeye.