Siku Mbili za Dhoruba pale Banalia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye kituo cha hali ya hewa cha Kisangani nikiwa nimevaa viatu vya visigino na gauni nililoshonewa kwa ndoa ya dada yangu. Chefu wa Kituo, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, alinitazama nikizama katika majani yaliyolowa umande, akacheka mpaka akajishika kiuno.

“Mademoiselle, kesho uvae sapatu za chini. Hapa kazi iko mu majani.”

Alisema kweli. Vipimo vyetu vyote vilisimama katika uwanja wa majani uliozungushiwa waya. Katikati palikuwa na kibanda cheupe cha mbao, kuta zake zikiwa na mianya ya kupitisha hewa na kuzuia jua. Ndani yake mlikuwa na vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimefungwa kitambaa kibichi. Maji yanapokauka hupoza, kwa hiyo kile cha kitambaa huonyesha joto la chini zaidi. Tofauti kati yao ikiwa ndogo, hewa imejaa unyevu. Chefu alinifundisha kusoma upesi, jicho likiwa sawasawa na ncha ya zebaki.

“Usipumue karibu yake,” aliniambia. “Tunapima Kisangani, hatukupime weye.”

Alinifundisha mawingu pia, kwa uvumilivu wa baba. Mawingu madogo ya asubuhi, kama pamba iliyochambuliwa, hayana neno. Lakini likianza moja kupanda kama mnara, na kichwa chake kikatandazika juu kama fuawe la mhunzi, hilo ni wingu la ngurumo. Kwetu, penye msitu na mito, joto la mchana huyapandisha mawingu hayo kwa saa chache tu. Kazi ngumu ni kujua litaangukia wapi. Wingu moja hulowesha mtaa wa Kapalata huku sokoni jua likiwaka. Ndiyo maana Chefu hakuturuhusu kusema “itanyesha.” Tuliandika “inawezekana,” au “inawezekana sana,” basi.

Nilipozoea, wakanihamisha Banalia, kwenye mto Aruwimi. Huko nilikuwa chini ya Mkuu wa Posta, yaani msimamizi wa kituo chetu kidogo, mzee mpole aliyependa samaki wa kuchoma kuliko karatasi. Mbali na vipimo, alinikabidhi jukumu moja: kumjulisha kapiteni wa bac hali ya anga. Bac ni kile kivuko cha chuma kinachobeba malori na watu kutoka ng’ambo hii hadi ile. Upepo wa dhoruba ukikikuta katikati ya mto, injini yake haina nguvu ya kushindana nao.

Kapiteni tulimwita Tonton Asumani, yaani Mjomba Asumani, mtu wa asili ya Maniema, mwenye mabega mapana na maneno machache.

Siku ya kwanza ninayotaka kuisimulia, vipimajoto vyangu viwili vilikuwa karibu sawa, upepo umekufa kabisa, na upande wa mashariki mnara ulikuwa umeanza kupanda. Nikateremka mtoni. Lori la watu wa harusi lilikuwa limeshaegeshwa, bibi harusi amekaa mbele na shela lake, wanawake nyuma wanaimba.

“Tonton, dhoruba inawezekana sana,” nikasema. “Ningekuwa weye ningengoja.”

Akatazama juu, akaifunga bac ukingoni kwa kamba. Wanawake wakaacha kuimba. Mama wa bibi harusi akashuka na kunifuata.

“Uniambie ndiyo ao hapana! Padri anangojea.”

“Mama, siwezi kusema ndiyo.”

“Alors, unatuzuia juu ya nini?”

Tukangoja. Mnara ulisogea taratibu ukaangukia msituni, mbali upande wa juu wa mto. Tulisikia ngurumo tu. Kwetu halikudondoka hata tone. Walipovuka, jua lilikuwa limeinama na bibi harusi amelia mpaka wanja umemchirizika. Tangu siku hiyo sokoni waliniita Mama Inawezekana. Muuza samaki akiniona alifungua mwavuli mkavu, watu wote wakacheka. Nilicheka nao, lakini nikifika nyumbani nililia.

Mkuu wa Posta aliniona macho mekundu. Akanigawia nusu ya samaki wake.

“Ulisema uwongo?” akaniuliza.

“Hapana.”

“Basi kula.”

Miezi ilipita. Ikaja tena siku ya namna ile ile: unyevu uleule, kimya kilekile, mnara upande uleule. Nikateremka tena mtoni. Safari hii kulikuwa na lori la mihogo, na juu ya magunia wamejaa wafanyabiashara, wanafunzi wanaorudi shule na mama mwenye mapacha. Waliponiona, wakaanza: “Mama Inawezekana amefika!”

Tonton Asumani hakucheka.

“Unasema nini leo?”

“Nasema kama ile siku. Inawezekana sana.”

“Kama ile siku, neno lilelile?”

“Neno lilelile, Tonton. Anga iko vilevile, siwezi kuongeza wala kupunguza.”

Dereva wa lori akapiga honi. Tonton akafunga kamba na kuzima injini. “Leo tunangoja,” akawaambia. “Mwenye haraka aogelee.”

Upepo ulikuja kabla ya mvua, ukainamisha miti ya ng’ambo kama majani ya mpunga. Maji ya mto yakageuka meupe. Bac ilivutwa mpaka kamba moja ikakatika, ikashikiliwa na ya pili, na mti mzima, mizizi juu, ukapita mbele yetu pale pale ambapo lori lingekuwa. Mama wa mapacha alinishika mkono na hakuuachilia mpaka mvua ilipokatika.

Baadaye watu walisema siku ile ya pili nilijua. Hapana. Siku zote mbili nilijua kiasi kilekile, na siku zote mbili nilisema kweli. Vijana mnaoanza kazi hii, hilo ndilo ninalotaka mlichukue kutoka kwangu.

Nilirudi Kisangani, nikafanya kazi chini ya machefu wengine, nikaona mitambo inayojisomea yenyewe ikiletwa. Niliona pia joto likibadilika. Asubuhi haina tena ule ubaridi uliotufanya tuvae sweta, na dhoruba zinakuja saa ambazo zamani hatukuzitarajia. Siku hizi wachunguzi vijana wakinipigia simu kuniuliza, nawaambia wazi kwamba mimi nami najifunza upya.

Jana mume wangu alibeba mpunga uani kuuanika. Akasimama na turubai mkononi, akanigeukia mlangoni.

“Nitandike ao nisitandike?”

Nikatazama juu. Palikuwa na mawingu machache, na moja lilikuwa linaanza kuota shingo.

“Tandika,” nikamwambia. “Lakini usiende mbali.”