Saa ya Kifaa cha Darajani

Kaka yangu alipofariki, baba mdogo alitoa amri ya kawaida kwetu: mpaka tumzike, mtu asishike jembe, redio zizimwe, kila kazi isimame. Akaenda mwenyewe hadi darajani, chini ya mji wetu wa Bwera, akachomoa betri ya kifaa ambacho kaka alikifunga kwenye nguzo. Kifaa hicho kilipima maji ya mto, kikapeleka vipimo kwa mtandao kwenye kompyuta ya mbali, nayo ikawatumia ujumbe watu wa bondeni au ikakiamuru kipige king'ora.

"Nacho kiomboleze," alisema.

Baada ya mazishi tukairudisha betri. Taa iliwaka, ujumbe haukuja. Milimani mvua ilikuwa inanyesha. Kila asubuhi jirani mmoja wa bondeni, mwenye watoto wadogo, alinipigia: "Dada, mto unasemaje?" Nilimjibu ukweli: sijui. Nilichoka kusema sijui.

Nilikipeleka Kasese. Fundi hakukifungua hata kifuniko. "Kimekufa," alisema, "nunua kingine." Nilirudi nacho mapajani, nimekasirika. Kimekufaje na taa inawaka? Siku zile sikutaka kulisikia neno hilo likitamkwa hovyo.

Mwishoni nilikwenda kwa fundi simu, Mkongomani wa Butembo, sokoni karibu na mpaka. Alikiunganisha na kompyuta yake, akacheka.

"Mama, hii haiko mugonjwa. Iko na kiburi. Inakatala cheti."

Alinieleza. Kabla ya kutuma chochote, kifaa huidai kompyuta ile cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Betri ndogo ya saa, ile kama sarafu, ilikuwa imeisha zamani. Betri kubwa ndiyo iliyoishikilia saa. Baba mdogo alipoichomoa, saa ilirudi miaka mingi nyuma. Sasa kifaa kilikiona cheti kama kitambulisho cha mtu ambaye bado hajazaliwa.

"Basi kiambie ni leo!"

"Ao nitoe kufuli hii ya cheti, mama. Itatuma bila kuuliza mutu."

Nilikataa. Kaka aliweka kufuli hilo baada ya mtu kujifanya kompyuta ile na kupiga king'ora cha uongo. Watu walikimbilia mlimani, huku nyuma mbuzi wao wakaibwa. Lakini niliudhika: kufuli la kutulinda ndilo lililotunyamazia, mawingu yakiwa pale pale.

Fundi akanung'unika, akaweka betri mpya ya saa, akaandika tarehe.

Tulikirudisha darajani. Tulisimama tukingoja, baba mdogo akiangalia maji badala ya kuniangalia mimi. Halafu simu ya kaka ikalia ndani ya mkoba wangu. Kwenye orodha ya wanaotumiwa ujumbe, namba yake ndiyo aliyoitanguliza.

Baba mdogo alishtuka. "Nani anamtafuta?"

"Mto," nikasema.

Maji yalikuwa yanapanda. Nilimpigia jirani kabla hajaniuliza.

"Toa watoto," nilimwambia. "Leo najua."