Baba alivyoikataa kesi ya mauaji niliyoitunga

Habari za saa hizi wakuu. Ni mara yangu ya kwanza kuanzisha uzi, huwa nasoma tu na kupita. Haya yalinitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nasoma kidato cha tatu, huku Iramba. Darasani siongei. Nikiulizwa swali sauti inakwama, basi mambo yangu mengi naandika.

Mwaka huu nilianza hadithi ya upelelezi kwenye counter book. Mlinzi wa shamba la alizeti anauawa, alizeti mbichi inakatwa yote asubuhi, na jioni ileile mafuta yake yanauzwa sokoni. Nani kaua? Nilikuwa sijafika huko.

Daftari likazunguka darasa zima. Mwalimu wa Kiswahili akalikamata katikati ya kipindi chake.

"Polisi na wezi siyo fasihi. Mlete mzazi, tulichome akiona."

Wakuu, kurasa themanini, na sina kopi. Nililia chooni.

Kesho yake baba akaja. Ni mkulima, mtu wa maneno machache. Mwalimu akampa daftari ajionee upuuzi wangu.

Baba akasoma. Kidole kwenye mstari, taratibu. Mwalimu akasahihisha madaftari mpaka akamaliza, baba bado anasoma.

Kisha akaniangalia. "Huyu muuaji wako ni mtu wa wapi?"

"Wa hapahapa kwetu Kinampanda, baba."

"Muongo. Wa Kinampanda gani anakata alizeti mbichi asubuhi, jioni ana mafuta? Haianikwi? Haipigwi? Haipepetwi? Na wewe kila mwaka unapepeta!"

Mwalimu akacheka. "Kumbe mzee umesoma mpaka huko?"

"Mwalimu, usichome kwanza. Kesi haijaisha hii."

(Aibu niliyoona, bora wangechoma tu.)

Nikarudishiwa kwa sharti: nisiandike wala lisisomwe kwenye vipindi.

Wiki nzima nikawa nakarabati plot. Kosa la alizeti ndilo likanipa jibu. Kama lazima ianikwe siku kadhaa, basi mpelelezi hana haja ya kukimbizana na mtu. Anapita tu nyumba kwa nyumba, anatafuta uani palipoanikwa alizeti kwa mtu ambaye msimu huu hakulima.

Baba aliposoma akasema, "Sasa huyo kakamatwa kweli."

Nilichojifunza: mambo yetu ya shambani, ambayo hakuna anayeona yafaa kuandikwa, yanaweza kubeba kesi nzima. Wanaosema hadithi za upelelezi ni za kupotezea muda, wajaribu kumdanganya mkulima mmoja tu.

Mwalimu bado anasema siyo fasihi. Ila Ijumaa aliliomba daftari "akague sarufi", na leo ni Alhamisi. Nikimuuliza ananiambia amebakiza sura mbili.

Mnaoandika humu, nani alishawahi kuwakamata kwenye uongo kuhusu mambo ya kijijini kwenu? Tiririkeni, ila msinicheke sana.