Mtulinga Niliouacha Unguja

Nakiri leo jambo nililolikana mbele ya mama yangu miaka yote: bega langu la kushoto liliacha kuuma miezi mitatu tu baada ya kupasuliwa. Misimu miwili ya karafuu niliyolia "Bega, mama!" nilikuwa mzima.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mfupa wa mtulinga, ule unaoshika bega kifuani, ulipoanza kuoza, na daktari wa Unguja akautoa wote. Mwanzo maumivu yalikuwa ya kweli. Hata gauni nilivishwa na mama. Kisha yakaniaga bila kelele, nami sikumwambia mtu. Wenzangu wakivuta matawi juani kwa kigoe, ile fimbo yenye ndoana, mimi nilikaa mkekani kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, kitabu nimekificha chini ya paja. Nyuma ya madrasa niliwaonyesha wasichana bega linavyokuja mbele hadi karibu na kidevu. Kiingilio kipande cha muhogo.

Kitabu kikaleta balaa lake: nilifaulu kwenda sekondari Unguja, bwenini.

"Kwa bega lipi?" mama akauliza. "Mwana weye hata kigoe hushiki, ndoo huko atakubebea nani?"

Nikakimbilia mkarafuu, nikavuta tawi, nikalichuma lote. Mama akatokwa na machozi.

"Muoneni anavyojikaza! Teremsha mkono, mwanangu, utajiua."

Nilikuwa nimedanganya kwa ustadi ambao chuo kikuu baadaye hakikuniongezea kitu.

Baba, karani wa bandari ya Wesha kisiwani kwetu, akanichukua ofisini kwake. Akazungusha mkono wa simu, akapiga kelele mpaka akampata yule daktari wa Unguja, akaeleza, kisha akanipa mimi.

"Inua mkono," daktari akasema.

Nikauinua juu ya kichwa, mbele ya simu, kana kwamba anauona.

"Nimeinua."

"Unauma?"

"Hauumi."

"Tangu lini?"

Baba kasimama ubavuni pangu, sikio karibu na langu.

"Tangu mwaka juzi, daktari."

Daktari alicheka hadi simu ikakwaruza. Baba hakucheka. Aliichukua, akashukuru, akaiweka chini taratibu.

"Mama yako nitamwambia daktari kakuruhusu. Hayo mengine yabaki hapa. Shule utakwenda." Akanitazama bega. "Lakini msimu umebakisha wiki mbili, na kigoe chako nitakichonga mwenyewe."