Chupa za Ijumaa

Mjomba wangu alipenda kuitwa Daktari, na mtaa ulimwita hivyo kwa kuwa sifa haimgharimu mtu kitu. Koti jeupe la kazini alirudi nalo makusudi, akapita nalo polepole mbele ya kibanda cha kinyozi. Majirani wakamletea watoto wenye kikohozi, naye akawamulika kooni kwa tochi na kusema, "Mpelekeni hospitali." Ushauri huo hata mimi ningeutoa, bila koti.

Ukweli ni kwamba alikuwa fundi wa maabara ya utafiti, na mimi mpwa wake nilikuwa naosha chupa chumba cha pili. Kazi hiyo alinitafutia yeye, na haikupita wiki bila kunikumbusha. Yeye alilea seli za binadamu kwenye chupa bapa za kioo. Alizilisha, akazitunza kwenye kabati la joto, akazichungulia kwa darubini na kuziita "wanangu". Halafu kila Alhamisi akawamiminia wanawe sumu ya moshi wa sigara. Mzazi wa aina yake.

Profesa, mama mmoja mrefu asiyecheka kabla ya saa nne, alitaka kujua sumu ile inaacha makosa mangapi kwenye vinasaba. Mimi muosha chupa nilielezwa nikaelewa, kwa hiyo hakuna wa kusingizia ugumu. Sumu inajibandika kwenye uzi wa vinasaba na kuuharibu. Ndani ya seli mna mafundi wanaokata palipoharibika na kuziba upya. Wakiwahi, mambo yamekwisha. Wakichelewa, seli inagawanyika na uharibifu wake, inanakili vibaya, na kosa linabaki humo milele. Makosa ya namna hiyo yakirundikana, ndipo saratani inapopata mlango.

Chupa zilikuwa za aina mbili, za seli zenye mafundi wazima na za seli zilizozaliwa bila mafundi. Sumu ilikuwa ileile. Utaratibu ulibandikwa ukutani kwa herufi kubwa: Alhamisi sumu, Ijumaa mchana zihamishiwe chupa mpya zenye nafasi. Seli zikibanana hazigawanyiki, ila ukizipa nafasi zinaanza kuzaana hapohapo.

Sasa Ijumaa mchana mjomba alikuwa na mchezo wa drafti kwa kinyozi. Kwa hiyo wanawe aliwahamisha Jumatatu, na kwenye daftari akaandika Ijumaa, kwa mwandiko mzuri kweli. Alifanya hivyo miaka miwili. Nilijua, maana chupa kuukuu zilizomwagwa zilifika kwenye karo langu la kuoshea Jumatatu asubuhi, hazikuwahi kufika Ijumaa. Nikafunika kombe mwanaharamu apite.

Matokeo yakatoka matamu. Seli zisizo na mafundi zilijaa makosa, na zenye mafundi hazikuwa nayo ila ya kuhesabu kwa vidole. Profesa akaanza kuandika makala kwamba mafundi wakiwa wazima, sumu ile haina la kusema. Mjomba hakungoja makala. Alikuwa akivuta sigara moja kila saa, tangu ujana, na mkewe alikuwa amemsema mpaka amechoka.

"Mke wangu, imethibitishwa," alimwambia siku moja mbele yangu, moshi ukimtoka puani. "Mafundi wangu ni wazima. Wanasafisha kila kitu."

"Mafundi gani hao wasioweza kukusafisha kikohozi?" mkewe akamjibu.

Mimi nilicheka. Baadaye nilikasirika, kwa sababu mtu mzima alikuwa ametunga uongo kwa mkono wake, ukazunguka kwenye mashine ghali ya kuhesabu makosa, ukamrudia umevaa tai, naye akaupokea na kuuamini.

Ndipo akaja msichana mwanafunzi, kurudia kazi ile kabla makala haijapelekwa. Alikuwa amesomeshwa kwa michango ya ukoo mzima, na alifuata karatasi ya ukutani kama alivyoambiwa. Ijumaa mchana yuko pale, anahamisha. Matokeo yake yakaja: seli zisizo na mafundi, makosa yaleyale ya mjomba. Zenye mafundi, makosa mara nane ya yale ya mjomba.

Profesa akatuita sote. "Umeharibu," akamwambia msichana. "Mzee hapa miaka miwili hajatetereka. Nafasi yako nitampa mwingine mwisho wa mwezi."

"Profesa, kama mkono wangu ni mchafu, mbona zile zisizo na mafundi zimelingana na za Mzee?" msichana akauliza.

Nilimtazama mjomba. Mjomba alitazama dari. Nami nilitazama viatu vyangu, nikijiambia kwamba mambo ya wasomi wayamalize wasomi. Msichana yule angefungasha virago akarudi kwa ukoo wake na aibu, na mimi ningeendelea kuosha chupa.

"Basi labda chupa," Profesa akasema, akanigeukia. "Labda huyu hazisugui vizuri."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimevumilia msichana wa watu aonewe, lakini karo langu lilipoguswa, ulimi ulifunguka wenyewe.

"Chupa zangu zinang'aa! Muulize Mjomba chupa za Ijumaa alizileta lini kwangu. Jumatatu! Miaka miwili, Jumatatu!"

"Mwanaharamu wee," mjomba akanong'ona. "Nani alikupa kazi hapa?"

"Mzee," Profesa akasema, "ni kweli?"

Mjomba akasema kwa sauti ndogo, "Ijumaa nilikuwa nawahi drafti."

Nilidhani Profesa atapiga kelele. Alikaa chini, akachukua kalamu, akachora mstari katikati ya makala yake. "Siku tatu," akasema. "Zimebanana, hazigawanyiki, na mafundi wanafanya kazi kwa raha zao." Akamwambia msichana abaki, na kwamba sasa kazi ni kupima seli zikicheleweshwa siku moja, mbili, tatu. Mjomba akaambiwa akabidhi daftari na funguo. Hakuna aliyempa pole, hata mimi.

Alivua koti, akalikunja. Nilidhani atatoka nami koridoni anitukane vizuri, nilistahili. Hakutoka. Alimsogelea msichana, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mjomba akiuliza kitu asichokijua.

"Mwanangu, hao mafundi, ukiwamiminia sumu leo, kisha tena kabla hawajamaliza, na tena, inakuwaje?"

"Kila mara ngapi, Mzee?"

"Tuseme kila saa. Miaka thelathini."

Msichana hakujua kwamba anaulizwa na mgonjwa mtarajiwa. Alijibu kama mtihani. "Hapo hawamalizi kamwe. Wanaziba hapa, kule kunaharibika. Na mapafuni seli hazisubiri Jumatatu, zinagawanyika tu."

Mjomba akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Mkono wake ulikwenda mfukoni kwa mazoea, ukakuta pakiti, ukabaki humohumo. Akaniomba nimsindikize nyumbani.