Mzee Aliyehama na Nyumba

Juzi kwenye kaunta ya kodi ya ploti mjini Kericho, mzee aliyekuwa mbele yangu alimwambia karani, "Nifute kwa kitabu, msichana wangu. Nimehamia shamba yangu ya Kimulot. Hapa mjini sina nyumba."

"Uliuza, mzee?"

"Hapana. Nimeng'oa." Akahesabu kwa vidole: mabati, milango, madirisha, hata mlango wa choo. Vyote vilipanda trekta.

Karani akavua miwani. "Mzee, kodi ni ya ploti, si ya mabati."

Mzee naye akavua kofia, akainamia kaunta. "Sasa trekta ya kurudisha hiyo mabati, kaunti inaweza kusaidia?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, nikatoka polepole. Nilikuwa nimeenda kuuliza kama kung'oa milango peke yake kunatosha.